Pazia na Jina Lake

Chumba cha kulala ni stara ya nyumba. Twasikitika kuona kijana anayeandaa harusi leo ajua kununua kitanda, lakini hajui kukitaja. Samadari, takia na madaka vingalipo majumbani mwetu. Kinachopungua ni ndimi za kuvitaja.

Wazee wetu hawakuogopa vitu vya kigeni. Meza imetokana na Kireno, sanduku na Kiarabu, kabati na Kiingereza. Yote leo ni Kiswahili.

Katika kuchagua pazia pia tusifuate picha tu. Visiwa vyetu ni vya joto na hewa ya chumvi. Kitambaa kizito huzuia upepo wa kusi na wa kaskazi, hushika unyevu na kuota ukungu. Pamba nyepesi hupitisha hewa, husitiri, na hufulika nyumbani.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar liliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, lakini lugha hailindwi na Baraza peke yake. Idara za Serikali ziandike orodha za samani zao kwa Kiswahili. Nao wazazi wawatajie watoto kila kilichomo chumbani. Mwacha asili ni mtumwa.