Kwa nini oveni hupooza jioni Mbeya na Iringa

KEKI iliyoiva kwa dakika 40 asubuhi huweza kuchukua zaidi ya saa moja inapookwa saa 2 usiku, ingawa kitufe cha joto kimewekwa pale pale. Katika miji ya Mbeya na Iringa, lawama huelekezwa haraka kwenye mabwawa, kwa kuwa kumbukumbu ya mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na 2011 bado ipo.

Ukame ulichangia sana mgawo ule. Maji ya Mto Ruaha Mkuu, ambayo sehemu yake kubwa hutoka nyanda hizi hizi, ndiyo yanayoendesha mitambo ya Mtera (megawati 80) na Kidatu (megawati 204). Hata hivyo, Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024, haliwezi kunenepesha waya unaopita mtaani.

Nyumba hutarajiwa kupata volti 230. Jioni, wateja wa transfoma moja wanapowasha vifaa kwa pamoja, aliye mwisho wa laini ndefu hupata pungufu. Joto la koili hushuka kwa kasi kuliko volti: zikifika 200, oveni ya wati 2,500 hutoa wati 1,890 hivi, yaani karibu robo nzima imepotea. Mapishi yakichelewa, joto linalovuja huongezeka, na uniti za LUKU nazo huliwa zaidi.

Hatari kubwa zaidi imo ndani ya nyumba. Oveni hiyo huvuta ampea 11, na soketi ya ampea 13 huimudu ikiwa peke yake. Ikiunganishwa kwenye ekstensheni moja na birika la wati 2,000, mzigo hufikia karibu ampea 20. Fyuzi hukatika, kama inavyopasa. Baadhi ya watu huiziba kwa kipande cha waya, na kuanzia hapo kinachopata moto ni waya uliopita darini, juu ya mbao. Jiko lenye plati nne na oveni huweza kuvuta zaidi ya ampea 30. Hilo huhitaji laini yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa milimita 6 za mraba, kikata umeme chake na waya wa ethi, kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Ipo pia hesabu ya mfuko. Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila iliyozidi, shilingi 350. Uniti 75 ni mbili na nusu kwa siku, wakati oveni ya wati 2,500 inayooka kwa saa moja huweza kumaliza zaidi ya nusu ya kiasi hicho kabla taa, pasi na friji havijahesabiwa.