Usiku Mmoja Mlimani

Dada yangu, aliyeolewa Nairobi na kukaa mtaa wa Mountain View, kando ya Waiyaki Way, alinipigia simu baada ya isha akiwa na ghadhabu. Bintiye, aliyekuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne, alitangaza kwamba yeye na wenzake wanne watapanda Mlima Kenya mwisho wa Novemba. "Kaka, mzuie," aliniambia. Nikaomba nizungumze na mtoto kwanza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nieleze safari yenu."

Akaeleza: waondoke Jumamosi alfajiri, waingie kwa lango la Sirimon, walale kambi ya Shipton, wafike kilele cha Lenana macheo ya Jumapili, jioni wawe nyumbani.

Nilichukua karatasi nikaandika. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Lango la Sirimon ni mita 2,650, Shipton ni 4,200, Lenana 4,985. Mtoto angeamka chini ya mita elfu mbili na kulala juu ya elfu nne siku hiyo hiyo, baada ya kutembea zaidi ya kilomita 20, tena katika mvua za vuli. Matabibu huusia kwamba ukishapita mita 3,000, usiku kwa usiku usipandishe malazi yako zaidi ya mita 500. Maradhi ya kimo huanza kwa kuumwa kichwa na kichefuchefu. Yakizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, na dawa yake ya yakini ni kushuka. Ujana na afya si kinga.

Nayasema haya kwa kuyaonja. Nikiwa kijana nilitoka Mombasa na wenzangu tukapanda kwa njia ya Naro Moru. Kichwa kilinigonga usiku kucha nami nikanyamaza, nikiona haya kusema mbele ya rafiki zangu. Nilisalimika kwa rehema za Mwenyezi Mungu tu, si kwa akili yangu. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa binti lilikuwa hili: anayeumwa kichwa aseme, na akisema, wote washuke pasina mjadala.

Kumkataza sikumkataza. Tulichobadilisha ni safari yenyewe. Wataenda mwisho wa Januari, wakati wa kaskazi, ambapo mlima aghalabu huwa mkavu. Watalala Old Moses, mita 3,300, mwendo wa kilomita tisa hivi kutoka langoni. Asubuhi watatembea kidogo nyikani juu ya kambi, kisha warudi. Lenana haimo. Alilia kidogo, akakubali.

Lilibaki suala la maharimu, kwani kwa madhehebu yetu ya Shafi mwanamke hatoki safari ya matembezi pasina maharimu wake. Kakake wa chuo kikuu atafuatana naye. Wenzake wawili walijitoa. Wawili waliobaki ni ndugu, na baba yao anakwenda pamoja nao na kiongozi wa mlima kutoka Nanyuki. Mahema ya wanawake mbali, ya wanaume mbali.

Mavazi yalimshughulisha sana mama mtu. Buibui refu hunasa kwenye majani yenye umande na kumkwaza mtu mteremkoni. Suruali pana na kanzu ya kufika magotini zatosha kwa sitara. Pamba ikilowa haikaushi mwili bali huupoza, basi nguo ya ndani na soksi ziwe za sufi, na Gikomba kuna mitumba mizuri ya namna hiyo. Koti la mvua, mfuko mzito wa kulalia, tochi ya kichwani. Usiku maji yanaweza kuganda.

Dada yangu alitaka wachukue jiko la makaa walitie hemani wapate joto. La hasha! Moshi wake usioonekana huua watu waliolala, na hema ni dogo kuliko chumba. Moto ni wa nje, wa jiko la gesi, kwa uji, chai na maji ya udhu.

Maji hayo nayasisitiza, maana wengi hudhani baridi peke yake yahalalisha kutayamamu. Mwenye cha kupashia maji na ayapashe. Aliyekosa kabisa akachelea madhara atatayamamu, na kwa kauli yenye nguvu ya Shafi atairudia sala. Buti zinazofunika vifundo, zikivaliwa juu ya tohara kamili, hupakwa maji badala ya kuosha miguu, na msafiri ana siku tatu na usiku wake. Lakini akizivua kulala, ruhusa hukatika. Nanyuki iko kama kilomita 200 kutoka Nairobi, basi watapunguza sala na kukusanya. Kibla huko ni kaskazini, ukipinda kidogo mashariki: watasali wakiupa mlima kisogo, nyanda za Laikipia zikiwa chini mbele yao.

Wataondoka Jumamosi baada ya sala ya alfajiri. Dada yangu amekwisha kununua chupa mbili kubwa za chai, na jana aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu wa miaka yake naye anaweza kufika Old Moses.