Mbembeo wa Mkono na Kuachia Tufe: Mazoezi ya Mchezo wa Bolingi

Bolingi ni mchezo ambao mchezaji hubingirisha tufe zito juu ya njia nyembamba na laini, akikusudia kuangusha pini 10, yaani vigingi vyenye umbo la chupa vilivyopangwa kwa pembetatu mwishoni mwa njia hiyo. Vipimo vyake vimesanifishwa kwa muda mrefu, hasa nchini Marekani, ambako chama cha American Bowling Congress kiliundwa mjini New York mwaka 1895. Kutoka mstari wa kosa, ambao mguu wa mchezaji haupaswi kuuvuka, hadi pini ya mbele kuna mita 18.29, ilhali upana wa njia ni kama sentimita 105 tu, na uzito wa tufe unaweza kufikia kilo 7.26. Kwa umbali huo, tufe lililokengeuka kwa digrii 1 tu wakati wa kuachiwa hufika pale zilipo pini likiwa limepotea njia kwa takribani sentimita 32, na ndiyo maana walimu wa mchezo huu hujishughulisha zaidi na mkono kuliko na nguvu.

Mambo mawili ya mkono ndiyo yanayoamua mwendo wa tufe. La kwanza ni mbembeo, yaani mwendo wa mkono kwenda nyuma na kurudi mbele, na la pili ni namna vidole vinavyoliachia tufe. Mbembeo mzuri hauhitaji kusukumwa, kwa kuwa uzito wa tufe, likiachwa lining'inie begani kama timazi ya fundi mwashi, unatosha kuushusha mkono kwa mstari ulionyooka. Mgeni wa mchezo, kwa kuhofia kwamba tufe halitafika, huukaza mkono na kulivuta mbele kwa misuli ya bega, na papo hapo kiwiko hutoka nje, mstari hupinda, na juhudi yote huishia mferejini kando ya njia.

Kasoro hiyo ni vigumu kuirekebisha katika mchezo wenyewe, kwa sababu pini ni mwalimu mbaya. Tufe lililoachiwa vibaya huweza kuangusha pini zote kwa bahati, na lililoachiwa vizuri huweza kuacha moja imesimama pembeni. Anayejipima kwa idadi ya pini zilizoanguka hujikuta akishikilia kosa na kuacha lililo sahihi. Kwa hiyo mazoezi yenye manufaa huanzia mwisho, yaani kwenye kuachia tufe, na hatua za miguu huongezwa baadaye, kidogo kidogo.

Zoezi la msingi ni la kupiga goti. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia huweka goti la kulia chini karibu na mstari wa kosa, juu ya taulo iliyokunjwa, na mguu wa kushoto mbele (anayetumia mkono wa kushoto hugeuza maelekezo yote), kisha huuacha mkono ubembee kwa kadiri ndogo bila kuinua bega, na kuliachia tufe linapopita kando ya kifundo cha mguu wa mbele. Macho hayaelekezwi kwenye pini bali kwenye mishale iliyochorwa njiani, ambayo huanza mita zipatazo 4 kutoka mstari huo, kwa kuwa shabaha iliyo karibu huonyesha kosa mapema. Sikio nalo lina kazi: tufe lililoangushwa hugonga kwa kishindo, na lililoachiwa chini vya kutosha huteleza karibu kimya.

Katika zoezi hilo ndipo kazi ya vidole hueleweka. Tufe la kawaida lina matundu matatu, la kidole gumba, la kidole cha kati na la kidole cha pete. Kidole gumba hutangulia kutoka, na katika kitambo kifupi kinachofuata vidole viwili vilivyobaki hulizungusha tufe, mzunguko ambao baadaye hulifanya likunje kuelekea pini linapotoka kwenye sehemu ya njia iliyopakwa mafuta. Kiganja kikibaki nyuma na chini ya tufe hadi dakika ya mwisho, mzunguko hupatikana wenyewe. Kikizunguka juu yake mapema, tufe huzunguka bila kukunja na nguvu yake hupotea. Ili kukizoeza kiganja, baadhi ya walimu huagiza tufe jepesi lirushwe bila kidole gumba kuingizwa tunduni, likiwa limelazwa kati ya kiganja na kigasha, kwa kuwa mkono ukigeuka mapema tufe hudondoka.

Akishaweza hayo, mchezaji husimama na kuongeza hatua moja tu ya kuteleza kwa mguu wa kushoto, kisha hubaki palepale, goti limekunjwa na mkono umenyooka mbele, mpaka tufe lifike kwenye pini. Anayeyumba kabla ya hapo amelivuta tufe. Simu iliyowekwa nyuma yake kurekodi video humwonyesha kiwiko chake bila upendeleo. Hatua nne au tano za kawaida hufuata baadaye, nazo hazina mengi ya kuelezwa hapa.

Itafaa kutajwa kwamba kidole gumba si sheria. Jason Belmonte wa Australia, aliyezaliwa mwaka 1983, alijifunza utotoni kulirusha tufe kwa mikono miwili kwa sababu lilikuwa zito mno kwake, na hadi mwaka 2023 alikuwa ameshinda mashindano makuu 15 ya wachezaji wa kulipwa kwa mtindo huohuo uliokuwa ukibezwa. Hata hivyo mbembeo wake nao ni huru, na mkono wake pia hubaki nyuma ya tufe.

Kwa wengine wote, tatizo la kuachia tufe mara nyingi limo tunduni wala si mkononi. Tundu likiwa kubwa mno, kidole gumba hujikunja ili tufe lisiponyoke, na ngozi iliyochubuka kwenye fundo la kidole hicho ni dalili yake. Kabla ya kuanza zoezi lolote, mchezaji na achague tufe ambalo tundu lake hukiachia kidole bila kubanwa na bila kulegea, au apunguze upana wa tundu kwa utepe maalumu unaobandikwa ndani.