Maji Taka ya Viwanda vya Karatasi na Pumzi ya Mto

Mtu asimamaye kando ya mto, chini kidogo ya kiwanda cha karatasi, aghalabu hutambua mambo matatu: maji yenye rangi ya chai isiyotiwa maziwa, povu lililokwama kwenye matete, na harufu kama ya yai viza. Kwa kuwa hayo ndiyo yaonekanayo na kunuswa, malalamiko ya wananchi huanzia hapo. Na mara nyingi hatua za wenye kiwanda huishia hapo hapo. Povu likipungua na harufu ikififia, jambo huhesabiwa limekwisha. Lakini madhara makubwa zaidi ya maji hayo hayaonekani kwa macho, na baadhi yake hutokea kilomita nyingi kutoka kwenye bomba, mahali ambapo hakuna tena anayekikumbuka kiwanda.

Hali hii hueleweka vizuri kwa kuutazama mto mmoja. Mto Nzoia, magharibi mwa Kenya, hukusanya maji yake kutoka vilima vya Cherangani na Mlima Elgon, ukayapeleka Ziwa Victoria baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 250. Kwenye mto huo, mjini Webuye, kiwanda kikubwa cha karatasi kilianza kazi katika miaka ya 1970. Kilisimama mwaka 2009, kikauzwa mwaka 2016. Mji ulikuwa umejengeka kukizunguka, na kiliposimama biashara, nyumba za kupanga na ada za shule viliyumba pamoja nacho. Wale wasemao kwamba dawa ya uchafuzi ni kufunga viwanda tu, yafaa waikumbuke Webuye ya mwaka 2009. Na wale wasemao kwamba ajira ni bora kuliko mto, yafaa wawakumbuke wanaoteka maji ya Nzoia huko chini, hadi mabondeni Budalangi.

Taka hizi hutoka katika ubao wenyewe. Karibu nusu ya ubao ni selulosi, yaani zile nyuzinyuzi zinazotakiwa kwa karatasi. Yapata robo ni lignini, ambayo ni kama gundi inayozishikamanisha. Zinazobaki ni sukari za aina mbalimbali, utomvu na vitu vingine vidogo. Katika njia iliyobuniwa na Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879, na ambayo ndiyo itumikayo zaidi duniani hadi leo, vipande vya mbao huchemshwa kwa sodiamu haidroksaidi na sodiamu salfaidi katika joto la Sentigredi 160 hadi 170, ndani ya mtungi uliofungwa. Lignini huyeyuka na nyuzinyuzi hubaki. Kila kilo 100 za ubao mkavu hutoa kilo 45 hadi 50 tu za rojo la karatasi. Nusu nyingine imo katika maji meusi yaliyotumika kuchemshia.

Maji meusi hayo yangemwagwa mtoni yalivyo, hakuna mto ambao ungeyastahimili. Kwa bahati njema yana thamani: hukaushwa na kuchomwa katika tanuri, yakatoa mvuke wa kuendeshea kiwanda, na kemikali zikarudishwa kazini. Kwa hiyo, maji taka ya kiwanda kinachoendeshwa vizuri hutokana na kuosha rojo, kulifanya jeupe, na kuvuja kwa mabomba na mitungi.

Madhara ya kwanza yahusu oksijeni. Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na kiasi chake ni kidogo mno. Penye usawa wa bahari, lita moja ya maji safi yenye joto la Sentigredi 20 hubeba miligramu zipatazo 9 tu. Joto likipanda kiasi hicho hupungua. Hali kadhalika kadiri mahali palivyo juu. Webuye iko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari: hapo, maji yakiwa na joto la Sentigredi 25, hayawezi kushika zaidi ya miligramu 7 hivi. Mito yetu ya nyanda za juu ina akiba ndogo kuliko mito ya Ulaya ambako viwango vingi vya usafi vilitungwa.

Sasa bakteria wakipata sukari na asidi zilizotoka kwenye ubao, huzila, huongezeka, na kwa kula huko huitumia oksijeni ya mto. Kipimo cha mzigo huo ni kiasi cha oksijeni kinachotumiwa na bakteria katika sampuli iliyowekwa gizani kwa siku 5. Mwaka 1912 tume ya kifalme ya Uingereza ilipendekeza kwamba maji taka yaingiayo mtoni yasizidi miligramu 20 kwa lita kwa kipimo hicho. Kiwango hicho kimenukuliwa duniani kote, lakini sharti lililoambatana nacho husahauliwa: mto upokeao uwe na maji safi yasiyopungua mara nane ya maji taka. Mto wa kitropiki unaofurika wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi hautimizi sharti hilo mwaka mzima, ilhali kiwanda hakina masika wala kiangazi.

Jambo lenye kushangaza ni mahali upungufu unapotokea. Mwaka 1925 Wamarekani Streeter na Phelps, waliochunguza mto Ohio, walionyesha kwa hesabu kwamba oksijeni haishuki kabisa pale bombani. Bakteria huhitaji muda, na huku mto nao huvuta hewa mpya kutoka juu. Oksijeni hushuka polepole, ikafika chini kabisa baada ya safari ya siku moja, mbili au zaidi, ndipo ikaanza kupanda. Mkaguzi apimaye karibu na bomba huweza kuandika kwamba mto ni mzima. Na katika bonde la Nzoia, ambalo lina viwanda vya sukari pia, mto huweza kutwishwa mzigo mwingine kabla haujapumzika.

Wala mvuvi asijipe moyo akiona kambare. Samaki huyo ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, naye huishi mahali ambapo wengine wamekwisha kufa au kuhama.

Madhara ya pili ni ya weupe. Rojo litokalo mtungini ni la kahawia, nalo lafaa kabisa kwa mifuko ya saruji. Ukurasa wa daftari hutakiwa uwe mweupe, na kwa miaka mingi weupe huo ulipatikana kwa gesi ya klorini. Klorini ikikutana na mabaki ya lignini huzaa mamia ya kemikali mpya, zikiwamo dioksini. Hizi haziozi upesi. Hujikusanya katika mafuta ya samaki, na kwa aliye hao, katika mwili wake. Katika miaka ya 1980 zilikutwa Marekani katika samaki wa mito iliyopokea maji ya viwanda vya karatasi. Tangu hapo viwanda vingi vimeiacha gesi hiyo na kutumia klorini dioksaidi, ambayo hupunguza dioksini kwa kiasi kikubwa sana. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unataja utengenezaji wa rojo kwa klorini kuwa miongoni mwa vyanzo vya kudhibitiwa.

Hata bila dioksini, yapo yasiyoelezeka kwa urahisi. Mwaka 1980 wataalamu walitoa taarifa kuhusu samaki wadogo wala viluwiluwi vya mbu, waliokuwa katika kijito cha Florida chini ya kiwanda cha karatasi: majike walikuwa wameota pezi la uzazi la dume. Samaki hao hawakuwa wamekufa, na kwa mbali wangeonekana wazima.

Dawa ya kawaida ni kuyatuliza maji taka ili nyuzinyuzi zizame, kisha kuyaweka mabwawani siku kadhaa na kuyapulizia hewa, ili bakteria wamalize chakula chao humo badala ya mtoni. Mabwawa yanayotunzwa huondoa sehemu kubwa ya mzigo wa oksijeni, pamoja na asidi za utomvu wa misonobari ambazo ni sumu kwa samaki. Hayaondoi rangi, kwa sababu bakteria hawaiwezi lignini. Hivyo maji ya kahawia huweza kuwa yamesafishwa vya kutosha, na maji yaliyoangavu yakawa hayana pumzi. Kiwanda kilichotumia fedha nyingi kuondoa rangi, huku kimeacha mashine za kupulizia hewa zikae mbovu, kimemfurahisha apitaye darajani tu.

Shule yenye maabara ya kawaida yaweza kuyathibitisha haya kwa njia ya Mhungari Winkler, ya mwaka 1888. Chupa hujazwa chini ya maji bila kuacha kiputo cha hewa, kisha hutiwa manganisi salfeti, na baadaye potasiamu iodaidi iliyochanganywa na alkali. Mashapo huonekana mara moja. Penye oksijeni huwa ya kahawia. Pasipokuwapo hubaki meupe. Asidi ikiongezwa, iodini hutoka na kupimwa kwa sodiamu thiosalfeti na wanga. Maji yenye rangi nzito hutaka hadhari wakati wa kupima, na asidi ishikwe na mwalimu. Sampuli zichukuliwe juu ya bomba, chini yake, na mbali kadiri wanafunzi wawezavyo kufika, kabla ya jua kuchomoza, maana mimea ya majini haitengenezi oksijeni usiku na huo ndio wakati ambapo mto umeishiwa zaidi.