Kuanzia Kau Hadi Anga za Juu: Rekodi Tano za Chembe za Hewa

Kau iko kando ya Mto Ozi, mkondo unaopeleka maji ya Tana baharini Kipini. Adhuhuri, upepo ukikatika na jani la mwembe lisitikisike, hewa hudhaniwa imelala. Haijalala hata kidogo. Kila gesi ni molekuli zinazokimbia huku na huko bila kupumzika. Katika karne ya 19, James Clerk Maxwell na Ludwig Boltzmann walionyesha kuwa joto la gesi hutokana na ukali wa mbio hizo, na kanieneo ni jumla ya vishindo vyake. Zifuatazo ni rekodi tano za molekuli hizo.

Msongamano mkubwa: usawa wa bahari
Hewa ya pwani, kama ya Kau, imebanwa na hewa yote iliyo juu yake. Kila sentimita ya mraba ya ngozi husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja. Tairi la baiskeli likiachwa juani hukaza, kwa kuwa molekuli zilizomo huongeza kasi na kuligonga kwa nguvu zaidi.

Mwenye mbio kuliko wote: haidrojeni
Katika nyuzijoto 30, nitrojeni hukimbia kwa wastani wa mita 480 kwa sekunde, heliamu 1,270, haidrojeni karibu 1,790. Aliye mwepesi ndiye mwenye kasi. Ndiyo maana heliamu ikifika hewani huishia kuponyoka angani, na ile iliyonaswa chini ya ardhi ya Bonde la Rukwa, Tanzania, iliyotangazwa mwaka 2016, ina thamani kubwa.

Safari fupi kuliko zote
Kwa kasi hiyo, mbona harufu ya samaki wa kukaanga huchelewa kuvuka ua? Kwa sababu molekuli haiendi hata sehemu moja ya 10,000 ya milimita kabla ya kugongana na nyingine. Hugongana mara bilioni kadhaa kila sekunde.

Hewa nyepesi kuliko yote Afrika: Kilimanjaro
Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa. Kilichopungua ni idadi ya molekuli: kanieneo ni karibu nusu ya lile la pwani, na mpandaji huhema.

Safari ndefu, na kipimo cha kihistoria
Kilomita 200 juu, molekuli husafiri zaidi ya mita 200 bila kukutana na mwenzake. Hewa hiyo ilipimwa kutoka ghuba ileile ya Ungwana inayopokea maji ya Ozi. Tarehe 26 Aprili 1967, setilaiti ya Italia, San Marco 2, ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Ngomeni, ikawa ya kwanza duniani kurushwa kutoka baharini. Luigi Broglio aliibuni ikiwa na ganda jepesi lililounganishwa na kiini kizito kwa viungo vinavyonyumbuka. Molekuli zilipoligonga ganda, lilisogea kidogo. Msogeo huo ukaonyesha wingi wa hewa.

Mwalimu wa fizikia wa Garsen au Kipini hana haja ya kutafuta mfano ng'ambo. Kishindo kinachokaza tairi Kau ndicho kilichosogeza ganda la San Marco 2. Kanuni ni moja. Kinachobadilika ni msongamano, uzito na kasi ya chembe.