Mchoreni Mnayempenda, Hata Kama Picha ni Pasipoti Saizi

Kama nyumba yenu inafanana na nyingi ninazozijua, simu zenu zina mamia ya picha za pilau ya wiki iliyopita, lakini mzazi aliyetangulia mbele za haki ana picha moja tu. Tena pasipoti saizi, iliyobanduliwa kwenye kitambulisho, pembeni ina nusu mhuri. Mkiikuza ili muitundike sebuleni, mnapata ukungu mtupu.

Hapo ndipo uchoraji wa kwenye kompyuta unapofaa. Picha ya kamera iliyokuzwa kupita uwezo wake inaonekana mbovu, ila mchoro wa rangi haudaiwi kila unywele. Mwaka jana mimi na mume wangu tuliamua kumchora marehemu baba yake kwa njia hiyo. Mimi sikuwahi kumwona mkwe wangu. Na mwenzangu mwenyewe alifiwa akiwa na miaka saba, kwa hiyo kumbukumbu zake ni za kuhesabu kwenye vidole.

Anzeni na hesabu. Picha ya pasipoti yenye milimita 35 kwa 45, mkiiskani kwa vinukta 1,200 kwa inchi, inatoa takriban pikseli 1,650 kwa 2,125. Mkichapa kwenye kanvasi kwa vinukta 150 kwa inchi, mnapata mchoro wa inchi 11 kwa 14, saizi nzuri tu ya ukutani. Msiipige na simu chini ya taa ya chumbani, jamani. Tafuteni steshenari yenye skana ya maana. Programu zipo: Photoshop ni ya kulipia, GIMP na Krita ni za bure, na hiyo Krita imetengenezwa hasa kwa ajili ya wachoraji.

Kabla ya brashi, rekebisheni rangi. Picha nyingi za rangi za zamani zimegeuka nyekundu kwa sababu ile rangi ya samawati iliyo ndani ya karatasi ndiyo iliyofifia upesi. Irudisheni taratibu, chaneli moja moja. Kile kitufe cha kurekebisha chenyewe mkiogope. Sisi tulipokijaribu, baba mkwe alitoka kama mtu aliyepakwa unga. Mume wangu akacheka, halafu akanyamaza. "Huyu siye," akasema. "Baba alikuwa mweusi wa kung'aa." Tatizo hili si geni. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipanga rangi ya ngozi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha za wanawake wa kizungu, kwa hiyo sura zetu zimezoea kuonewa tangu enzi za filamu.

Sasa filta. Ile ya rangi ya mafuta kwenye GIMP inaangalia vinukta jirani, inachagua rangi iliyojirudia zaidi, inaipaka pale. Sekunde chache, tayari! Kwa mbali inapendeza. Ila filta haijui kwamba jicho ni jicho na kifungo ni kifungo, inavitendea sawasawa. Mtu anayemjua huyo baba hawezi kuvitendea sawa.

Kwa hiyo nakilini picha kwenye tabaka jipya, ile halisi ibaki chini bila kuguswa, kisha mchore kwa mkono. Photoshop ina brashi ya kuchanganya rangi tangu toleo la CS5 la mwaka 2010. Inavuta rangi za picha kama brashi halisi inavyovuta rangi mbichi. Anzeni na brashi kubwa mpaka muone aibu, mfumbe macho nusu, muangalie vivuli tu. Mkono ufuate umbo: shavuni uzunguke, puani ushuke. Kivuli cha ngozi nyeusi si cheusi, tieni kahawia iliyokolea na zambarau kidogo. Macho yawe ya mwisho, kwa brashi ndogo kabisa. Shati liacheni limechorwachorwa tu, halina neno.

Tulikwama kwenye nyusi ya kushoto. Palikuwa na mstari mweupe. Mimi niliona ni mkwaruzo wa karatasi, mwenzangu akasema labda, na hakuna programu inayoweza kuamua hilo. Kufuta ni kubofya mara moja. Tukampigia simu mama. Shikamoo, marahaba, halafu swali. Kimya kidogo. "Hilo ni kovu. Alianguka na baiskeli akinipeleka kliniki, nikiwa na mimba ya huyo huyo anayeuliza." Mume wangu hakuwahi kuisikia habari hiyo. Usiku ule hatukuchora tena. Tulikaa tu, akaniambia mambo ya baba yake ambayo katika miaka yote ya ndoa hayakuwahi kutoka.

Najua wapo watakaosema siku hizi akili mnemba inamaliza kazi yote kwa sekunde. Ni kweli inakuza na kunoa. Lakini pale isipoona kitu inajazia kwa kubahatisha, kutokana na sura za watu wengine iliyofundishwa nazo. Kwa picha ya harusi yenu yenye pikseli za kumwaga, sawa. Kwa mtu mwenye picha moja duniani, mnaweza kutundika mgeni ukutani mkamwita baba.

Ushauri wa bure kwa wawili wanaotaka kujaribu: msigombanie mausi. Mmoja achore, mwingine akae mbali na meza aangalie, na kila nusu saa mbadilishane. Aliye mbali ndiye anayeona pua imepinda.

Mchoro ulipokamilika tulimpelekea mama kabla ya kuuchapa, kwenye laptopu. Aliutazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye kola. "Hiki kifungo alifungishwa na mpiga picha. Baba yenu hakukaa kifungo cha juu kimefungwa hata siku moja." Mume wangu akashika brashi, akakifungua pale pale. Ilichukua dakika kumi.