Hatua za Uandishi kwa Kutumia Programu ya Kompyuta

Katika sura iliyotangulia tulichambua upatanisho wa kisarufi. Hapa tunaeleza jinsi ya kuufundisha kupitia uandishi, kwa msaada wa programu kama LibreOffice Writer, ambayo hutolewa bure na hufanya kazi bila intaneti.

Tuchukue darasa la wilayani Kasese. Wengi huzungumza Lhukonzo nyumbani, na wa Bwera hukisikia Kiswahili katika soko la Mpondwe, mpakani na Kongo. Sokoni hukizungumza bila woga. Insha ikirudishwa imejaa wino mwekundu, kalamu huwa nzito. Kwa hiyo tunapendekeza kazi ifanywe kwa hatua nne.

(a) Kupanga. Mada ni chumvi ya Ziwa Katwe. Wanafunzi huorodhesha hoja, kisha huzihamisha juu au chini kwenye kompyuta mpaka zifuatane.

(b) Kuandika rasimu. Kisahihishi cha tahajia kizimwe, ili mawazo yatiririke. Tutunge mfano:

*Chumvi ya Katwe kinatoka ziwani. Vidimbwi zinachimbwa kando ya ziwa, maji yanakauka kwa jua na chumvi linabaki.*

(c) Kurekebisha maudhui. Mwenzake asiyewahi kufika Katwe humwuliza: mvua ikinyesha, inakuwaje? Mwandishi huongeza: *Mvua kubwa ikinyesha, chumvi huyeyuka na mavuno husimama.* Programu iwekwe irekodi mabadiliko, ili mwalimu aone safari nzima ya insha badala ya nakala ya mwisho pekee.

(d) Kuhariri lugha. Sasa kisahihishi kiwashwe. Neno lisilomo katika kamusi yake hupigiwa mstari mwekundu. Lakini *kinatoka*, *zinachimbwa* na *linabaki* ni maneno sahihi, kila moja likitazamwa peke yake. Kosa limo katika uhusiano wake na nomino, na kisahihishi cha tahajia hakipimi uhusiano huo. Hivyo mwanafunzi atafute kila nomino, ataje ngeli yake, kisha aufuate upatanisho hadi kwenye kitenzi:

*Chumvi ya Katwe inatoka ziwani. Vidimbwi vinachimbwa kando ya ziwa, maji yanakauka kwa jua na chumvi inabaki.*

Mwalimu asiyelieleza jambo hili atawafanya wanafunzi waamini kwamba ukurasa usio na mstari mwekundu hauna kosa. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ya kukosa kompyuta. Penye kompyuta moja tu, hatua (a) na (b) zifanyike daftarini, na kikundi kikae mbele ya skrini katika (c) na (d), kikijadiliana kwa sauti. Katika majadiliano hayo ndipo kanuni ya ngeli hukaa kichwani.

Zoezi: Andika aya moja kuhusu kazi ya eneo lako. Ihariri, kisha orodhesha makosa ambayo programu haikuyaona, na ueleze sababu.